Nisukume Kule

Gerezani, Kansas
Jumapili, 4 Januari

Dada Marlys,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Usinidanganye, najua unasoma umesimama jikoni na koti bado liko mwilini.

Jana jioni tulikuwa mbele ya TV tunagombana kama kawaida, hawa wanataka mpira, wale wanataka sinema, mara akatokea Garrett Loomis. Mume wa zamani wa binamu yetu Jo! Seneta mzima, aliyekuwa akija kula nyama ya nguruwe mezani kwa mama na kuomba aongezewe mchuzi. Kwamba anagombea urais nilijua. Ambacho sikujua ni kwamba angesema alichosema. Akiingia Ikulu, mwezi wa kwanza tu, atasaini watoke watu wote waliokaa zaidi ya miaka kumi na tano kwa makosa ya dawa za kulevya na hawakumdhuru mtu. Wote, dada. Hakusema baadhi.

Mzee Clifton, ninayelala naye selo moja, akanigusa bega. "Tjaden, si wewe huyo anayesemwa?"

Ni mimi. Miaka kumi na tisa kwa mifuko ya mtu mwingine niliyokubali iwekwe kwenye ghala letu la mahindi, na kwa kuwa nilishakuwa na makesi mawili ya ujinga wa ujana, jaji akanipa kifungo cha maisha. Nilishaanza kuzoea, ujue. Jana usingizi ulipaa kabisa.

Sasa nchi nzima inawasubiri nyinyi wakulima wa Iowa mwanze kuchagua mgombea wa chama. Mimi kura sina, basi nenda na miguu yangu. Siku ya mkutano wa kona, mlango wa shule ukifungwa saa moja jioni, watu wakiambiwa waende kwenye kona za wagombea wao, wewe uwe kwenye kona ya Loomis. Na uwavute wengine. Mpelekee Eunice Harms keki, yule hajawahi kuishinda keki.

Msalimie Jo. Nimefurahi kwamba waliachana kwa amani. Loomis kasema mwenyewe, "Mimi na mke wangu wa kwanza ni marafiki hadi leo." Basi Jo amwambie rafiki yake asisahau jina langu!

Ndugu yako,
Duane

* * *

Holstrup, Iowa
Ijumaa, 9 Januari

Mdogo wangu Duane,

Barua yako nimeipata, na ndiyo, nilisoma nimesimama. Theluji imefika dirishani. Bomba la zizi limeganda mara mbili wiki hii na mchungaji ana mafua, kwa hiyo ibada ilikuwa fupi na watu wote walitoka wakitabasamu, Mungu atusamehe.

Nimefurahi kukusikia umechangamka. Ila nakuomba usiuweke moyo wako wote kwenye maneno ya mwanasiasa. Wanasema mengi msimu huu. Wiki iliyopita mmoja alikuja kwenye mgahawa akala mayai yetu akasema hajawahi kula mayai kama yale. Mayai, Duane!

Kuhusu kona, sijaamua. Watu kadhaa wa kanisani wanampenda Gavana Ostrander. Ni mtu mwenye adabu, ana mke mmoja tangu ujana, anafundisha watoto Jumapili. Najua msimamo wake juu ya wafungwa, kwamba kila mtu amalize alichohukumiwa. Sisemi anafaa kwa yote. Nasema tu mtu anayetaka kushika nchi lazima kwanza tumtazame kwake anaishije.

Jo yupo. Anakusalimia. Namwosha nywele Jumamosi kama kawaida.

Dada yako,
Marlys

* * *

Gerezani, Kansas
Jumatano, 14 Januari

Marlys,

Leo sikuiti dada.

Mtu mwenye adabu! Huyo mwenye adabu wako atanizika humu ndani kwa adabu zake zote, na Jumapili atawafundisha watoto wimbo. Wewe unachungulia chumba cha kulala cha mtu wakati ndugu yako yuko kwenye chumba ambacho mlango wake unafungwa na mwingine. Hivi unaelewa ninachokuomba? Sitafuti shemeji. Sitafuti mchungaji. Natafuta mtu mwenye kalamu!

Loomis aliwahi kulala nje? Alilewa? Na alale, na alewe, na aende motoni kwa zamu yake, mradi asaini kwanza. Rais hakai nyumbani kwako. Anachosaini ndicho kinachokuja nyumbani kwako.

Mama alikufa mimi nikiwa humu. Nilipewa picha ya jeneza. Usiniambie habari ya mke mmoja tangu ujana.

Na mbona umeandika habari ya mabomba ukurasa mzima na Jo ukampa mstari mmoja? Nakujua tangu tunagombania kitanda cha juu. Kuna kitu unanificha. "Namwosha nywele." Tangu lini mtu mzima anaoshwa nywele? Sema.

Duane

* * *

Holstrup, Iowa
Jumanne, 20 Januari

Duane,

Haya. Umetaka mwenyewe.

Jo hatembei. Ugonjwa wa neva ulimwanza wewe ukiwa na mwaka wa nane huko ndani, mkono kwanza, halafu miguu. Alipolazwa kwenye hospitali ya mazoezi ili afundishwe kutumia kiti cha magurudumu, Loomis hakuja. Alikuja dereva wake. Alileta nguo za Jo kwenye matenga ya kufulia, zile safi na zile chafu zimechanganywa, na chini kabisa kulikuwa na pete ya mama yake Jo imefungwa kwenye soksi. Dereva alilia, Jo anasema. Ilibidi Jo ambembeleze. Kufikia wakati wa kuvuna, Loomis alishaoa yule msichana wa ofisini kwake. Hiyo ndiyo amani waliyoachana nayo.

Nilikuficha kwa sababu ulikuwa umeshabeba ya kutosha. Kila barua "msalimie Jo, msalimie Jo", ningekuambia nini? Anaishi nasi tangu hapo, kwenye chumba chako cha zamani. Namwosha, namgeuza, namvalisha. Si mzigo. Anacheka kuliko mimi.

Waandishi wa habari wamegonga mlango huu tangu Krismasi. Kuna mwanamke wa gazeti la Des Moines anapiga simu kila asubuhi, namba yake iko kwenye friji. Jo hajasema neno. Anasema aibu ni yake, atamwonyesha amtakaye.

Sasa niambie wewe. Jioni ile atakuwepo, hajawahi kukosa mkutano wa kona hata mara moja. Si karatasi ya siri hii, Duane. Watu wanakuona umesimama wapi, anakuona mchinjaji, anakuona mwalimu wa watoto wako. Nisimame chini ya jina la yule mtu, Jo ananitazama kutoka upande wa pili, halafu nirudi nyumbani nimvue viatu?

Na nisiposimama, nitakuwa nimekufungia mlango kwa mkono wangu. Nimejaribu kusali. Sipati hata pa kuanzia. Nimemsomea Jo barua yako ya hasira huku nikimwosha nywele, sikuweza kuibeba peke yangu. Alisema tu povu limemwingia jichoni.

Marlys

* * *

Gerezani, Kansas
Jumapili, 25 Januari

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Mzee Clifton aliniuliza kuna msiba? Nikamwambia ndiyo.

Nilimfundisha Jo kuendesha trekta. Aligonga uzio, akashuka, akaupiga teke. Teke lile ndilo ninaloliona tangu nimesoma. Na Loomis alinijua mimi, alijua tunampenda Jo sote, na bado akamtuma dereva.

Usisimame kwake. Sikia vizuri, maana wewe unapenda kusikia nusu. USISIMAME. Nitakaa humu. Nimekaa kumi na tisa, nitakaa nyingine, chakula kibaya lakini kinakuja kwa wakati. Sitaki kutoka kupitia juu ya Jo. Na mwambie maneno yangu ya mtu mwenye kalamu yalikuwa maneno ya mwendawazimu.

Kuna tatizo moja. Jana kulitokea ugomvi jengo la pili na tumefungiwa selo wote, hakuna anayetoka, na barua hazichukuliwi. Naandika nikiomba waanze kuzichukua kabla ya siku yenu ya kona. Ikichelewa, basi moyo wako ukusaidie kunisikia.

Duane

* * *

Holstrup, Iowa
Jumanne, 3 Februari

Duane,

Hukujibu. Nimekwenda kwenye sanduku la posta kila siku mpaka tarishi ananionea huruma. Kumbe ulinikasirikia kiasi hicho? Haya, nakuambia yaliyotokea jana, halafu utaamua kama bado una dada.

Nilikwenda nimeshaamua. Nilimsukuma Jo hadi kona ya Ostrander. Tulikuwa saba pale, na saba ndiyo idadi ya chini, kona ikipungua hapo inavunjwa, na watu wake wanatafuta pengine. Kwa Loomis walijazana, wana kofia na mabango na sahani ya biskuti. Eunice Harms, msimamizi wa mkutano, akapanda kwenye kiti, akasema tuna dakika za kushawishiana kabla hajahesabu. Unajua kunavyokuwa. Watu wanavutana mikono, wanaitana majina ya utotoni, "Njoo huku wewe, nilikupa mbegu mwaka jana!" Mimi nilitazama viatu vyangu. Niliona miguu yako, Duane. Ulisema niende na miguu yako na nimeileta kona isiyo yako.

Jo akasema, "Nisukume."

"Chooni?"

"Nisukume kule."

Nikafikiri anataka kwenda kumtukana mtu. Nikamwambia, "Jo, tuheshimu mkutano."

"Marlys, mikono yangu ingekuwa na nguvu nisingekuomba. Nisukume kule kwa Garrett."

Ukumbi mzima ulijua, Duane. Hakuna asiyejua habari ya matenga hapa. Nilipoanza kusukuma, magurudumu yakawa yanalia kwenye mbao na hakuna kelele nyingine. Yule mchinjaji alivua kofia. Katikati ya ukumbi nikasimama, sikuweza. Nikamwinamia nikamwambia, "Huyu mtu alikutupa." Akanijibu kwa sauti, hata wa nyuma walisikia: "Sirudi kuolewa naye. Namwajiri."

Kona ya Ostrander ikabaki na watano, ikavunjwa. Mzee mmoja akavaa koti akaenda zake nyumbani bila kuniaga. Loomis kashinda kwetu, na leo redio inasema kashinda jimbo zima.

Nyumbani nilimvua viatu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Duane miguu anayo na hana pa kwenda. Mimi nina pa kwenda na miguu sina. Angalau mmoja wetu atembee." Nililia kama mtoto, yeye akaniambia maji ya kahawa yanachemka.

Jambo moja linanitisha. Kuna mwanamke wa kampeni alipiga picha.

Marlys

* * *

Gerezani, Kansas
Ijumaa, 13 Februari

Dada,

Sikukukasirikia! Barua yangu ya tarehe 25 ilikaa mlangoni hadi walipotufungulia. Ukiipata usiitupe, isome hata kama imepitwa.

Picha nimeiona. Nchi nzima imeiona. Tangazo linapita kila baada ya mpira: Jo kwenye kiti, wewe nyuma yake umeinama, wanadhani unasali, bango la Loomis juu yenu. Halafu sauti tamu ya mwanamke: "Wanaomjua zaidi ndio wanaomwamini zaidi." Marlys, humu watu wanapiga makofi. Wanasema muone yule mama, kaachwa na bado kaja, basi huyu jamaa ana kitu. Mimi natazama sakafu. Jo alitoa kura, wao wamempora cheti cha tabia njema.

Na kuna baya zaidi. Juzi kwenye mdahalo walimuuliza juu yetu. Sasa anakwenda majimbo ya watu wakali, kabadilisha. Kasema kila faili litatazamwa "moja moja, kwa makini". Moja moja! Mzee Clifton alivua miwani yake, akapanda kitandani na viatu. Ana miaka sabini na mitatu.

Nilifikiri tabia ya mtu ni kitu kimoja na anachosaini ni kitu kingine. Nilikutukana kwa sababu hiyo. Sasa nauliza, mtu aliyemtuma dereva kwa mke wake, mimi atanitumia nani?

Mwambie Jo aseme. Namba iko kwenye friji. Ampigie yule mwanamke aseme yote, matenga, soksi, yote, na yule mtu aanguke. Nitaanguka naye, sawa. Nimechoka kuwa sababu ya watu wema kunyamaza.

Duane

* * *

Holstrup, Iowa
Jumanne, 17 Februari

Mdogo wangu,

Barua zako zote mbili zimekuja siku moja, ya zamani na mpya. Nilizisoma nimekaa, kwa mara ya kwanza maishani.

Nilimsomea Jo zote. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba simu na akaniomba nitoke na nifunge mlango. Kwenye friji nilikwenda kutazama, namba ya yule mwandishi ilikuwa imetolewa. Nikajua ndiyo basi. Nilisimama kwenye korido na taulo mkononi. Sikusikia kelele wala kilio. Aliongea kidogo sana.

Aliponiita akaniomba kahawa na mkate wa jibini. Nimesubiri magazeti ya leo, hakuna kitu. Nimemuuliza, kasema, "Acha mkate upoe, na wewe upoe."

Najivunia kwamba hatimaye kasema ukweli, hata kama gazeti linachelewa. Nisamehe kwa kusema hivyo wewe ukiwa huko. Kila gari likipita nadhani ni waandishi.

Marlys

* * *

Gerezani, Kansas
Jumapili, 22 Februari

Dada! Jo! Wote wawili!

Mmemsikia? Asubuhi hii, tena kanisani, mbele ya kamera! Kasema alikosea kwenye mdahalo, hakuna cha moja moja, ni wote, zaidi ya miaka kumi na tano, mwezi wa kwanza. Na kaongeza kwamba akishindwa kutimiza asichaguliwe tena. Kajifunga mwenyewe! Watu humu wamerusha mito. Askari wa zamu aligeuka akatazama ukutani, ili asilazimike kutuandikia kosa.

Nilimkosea yule mtu. Labda umri umemfunza, labda ile picha ya Jo imemgusa moyoni. Angeweza kukaa kimya akapata kura za wale wakali, na hakukaa. Mtu anaweza kumkosea mke na bado akawa na moyo kwa wengine, kumbe. Na habari haikutoka gazetini, basi Jo naye alimsamehe, ndivyo ninavyoona. Nimelia kwa furaha, Marlys, hata sioni haya.

Mzee Clifton anauliza huko kwenu Iowa kunapatikana samaki gani.

Duane

* * *

Holstrup, Iowa
Jumamosi, 28 Februari

Duane,

Hii naandika mimi, Jo. Ndiyo maana herufi zinalewa. Marlys kaenda kwa Eunice na nina saa moja. Binti wa jirani ataiweka kwenye posta.

Usimsifu Garrett. Sitaki ulale huku ukimshukuru.

Sikumpigia yule mwandishi. Nilimpigia yeye. Namba ilikuwa ile ile, na alipokea mwenyewe, nadhani alifikiri nimekufa na ni mtu anamletea habari. Nilimwambia nina namba ya gazeti mkononi, na matenga bado ninayo, Marlys anayawekea viazi. Nikamwambia: Jumapili, kwa mdomo wako, wote, na ujifunge mbele ya watu. Ukisema, mimi nitaendelea kuwa mke wa kwanza aliyesamehe, utatumia picha yangu mpaka uchaguzi wa Novemba. Usiposema, Jumatatu nazungumza. Aliniuliza, "Tangu lini umekuwa hivi?" Nikakata simu.

Najua barua zenu zinafunguliwa mlangoni. Anayefungua asome. Sikuomba senti wala sikusema uongo. Lakini najua jina la nilichokifanya, na wewe unalijua, na nisingekubali mtu aliyekifanya agombee hata ukatibu wa shule.

Kwa hiyo siwezi tena kusema, Duane. Umeniambia niseme, na siku za kusema nimeziuza. Nitaona uso wangu kwenye TV kila jioni nikimpamba, na watu watanipigia makofi dukani. Akishinda nitanyamaza ili asaini, akisaini nitanyamaza ili asizuie waliobaki. Nimerudi kwenye ndoa ile ile, tofauti ni kwamba safari hii nimeingia macho yangu yakiwa wazi.

Usimwambie Marlys. Anaamini nilijaribu kusema ukweli na gazeti likaogopa. Alivunja kona yake kwa ajili yangu, na yeye ndiye anayeniosha nywele. Nataka mikono ile iendelee kunishika kama inavyonishika sasa.

Salamu zako za kila barua zilinifikia, zote, hata zile alizosahau kunipa. Mwambie Clifton ni kambare.

Toka humo. Na ukitoka, njoo na miguu yako mwenyewe, usiniulize kama mimi ni mtu mwema.

Jo